Rangi Juu ya Kuvu

Twaulizana mara nyingi mtu adaiwa nini na jirani yake. Leo na tuulize swali lililo dogo kwa sura, bali gumu kwa kulijibu: mwenye nyumba adaiwa nini na mtoto wa mpangaji wake, mtoto ambaye hakutia sahihi mkataba wala hakuchagua chumba alalamo?

Tutazame Mbweni, kusini ya Mji Mkongwe wa Unguja. Bahari i karibu, na masika, tangu Machi hata Mei, hulowesha kila kitu. Watu wa zamani walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Magofu ya skuli ya Mbweni, iliyojengwa katika karne ya 19 kwa wasichana waliokombolewa utumwani, yangali yaonyesha kuta za namna hiyo. Ukuta wa chokaa hunywa maji, na jua likitoka huyarudisha hewani. Lakini ukipigwa lipu ya saruji na rangi ya mafuta, maji yaliyoingia kwa paa livujalo au yaliyopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea. Haupiti muda madoa meusi huota pembeni na nyuma ya kitanda, na chumba hunuka uvundo. Hiyo ndiyo kuvu, na nyumba mpya za matofali nazo haziepuki.

Kuvu si aibu ya macho tu. Hutoa chembe ndogo mno zinazoelea hewani na kuingia kifuani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo ulioeleza kwamba wakaao katika nyumba zenye unyevu na kuvu huelekea zaidi kupatwa na kikohozi, pumu na maradhi mengine ya kifua. Mtoto mchanga hupumua upesi kuliko mtu mzima, na njia za pumzi yake ni nyembamba.

Katika mji wa Rochdale, Uingereza, mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudani, alifariki Desemba 2020, akiwa na umri wa miaka miwili. Baba yake alikuwa ameeleza habari ya kuvu tangu mwaka 2017, akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo alitamka kwamba kuvu ya nyumba ile ndiyo iliyomletea mtoto ugonjwa uliomwua. Mwaka 2023 Bunge la nchi hiyo likatunga sheria ijulikanayo kwa jina lake. Nchi ile ni ya baridi, yetu ni ya joto. Lakini kuvu yataka maji tu, na shauri la kupaka rangi twalisikia hata huku.

Mwenye nyumba aweza kujitetea: "Wapangaji wenyewe hufunga madirisha." Pengine ni kweli. Yampasa mpangaji kufungua madirisha mchana, kutenga kitanda na ukuta, kutoanika nguo mbichi chumbani, na kusugua doa dogo kwa maji na sabuni mpaka pakauke. Lakini hakuna dirisha liwezalo kuziba paa.

Tena, si kila mwenye nyumba ni tajiri. Yuko mjane aishiye kwa kodi ya vyumba viwili, asiyeweza kuezeka upya mwaka huu. Huyo hatumhukumu kwa asichoweza. Lakini kusema kweli hakuhitaji fedha. Na aseme: "Chumba hiki huvuja, msilaze watoto humo, nitapunguza kodi hata nitakapotengeneza." Ajuaye kwamba ukuta umelowa, akaupaka rangi ili apate mpangaji, huyo ametoa ushahidi wa uongo, na mtoto ndiye anayelipa kwa pumzi yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufiche ufa.

Basi, kabla ya masika, kila mwenye nyumba na akague paa na mifereji yake, na kila mpangaji na aseme mapema aliyoyaona, wala asikemewe kwa kusema. Rangi ije baadaye, juu ya ukuta mkavu.