Dawa Imefanya Kazi: Tunajuaje?



Mama anashikwa na uchungu mimba ikiwa ya miezi saba. Anakimbizwa zahanati, anawekewa dripu, na kesho yake uchungu umetulia. Jumapili tunasikia ushuhuda. Lakini ni dawa kweli iliyouzuia? Swali hili si la waganga peke yao. Sisi tunaohubiri kweli linatuhusu.

Kwa wanawake wengi uchungu wa mapema hutulia wenyewe, bila dawa. Kwa hiyo tukihesabu waliotulia tu, hata maji matupu yataonekana kuwa dawa. Miaka ya 1960 na 1970 kuna madaktari waliowatilia akina mama pombe mshipani ili kuzuia uchungu (ndiyo, pombe!), nao waliamini inasaidia.

Ndiyo maana watafiti hulinganisha. Katika utafiti wa Kanada uliotolewa mwaka 1992, wanawake 708 waligawanywa kwa kura: wengine walipewa dawa iitwayo ritodrini, wengine dripu isiyo na dawa. Ritodrini ilichelewesha kuzaa kwa siku moja au mbili, ila vifo vya watoto havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Je, ilifanya kazi? Ukipima saa, ndiyo. Ukipima watoto walio hai, hapana. Sisi tunaosimama foleni ya mgao twajua habari hii: kopo la kupimia likibadilishwa, unga ni uleule lakini hesabu ni nyingine. Mama hakuja zahanati kutafuta saa. Alikuja kutafuta mtoto.

Hata hivyo siku mbili si bure. Ndani yake mama anaweza kufikishwa hospitali kubwa, na kuchomwa sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, ambayo faida yake ilionyeshwa New Zealand mwaka 1972. Basi, wengi walidhani, ipelekwe hadi vijijini. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, juu ya karibu watoto 100,000. Palipohimizwa sindano, walifariki watoto 27 hivi katika kila 1,000, kwingine, 24. Wengi wa waliochomwa hawakuwa karibu kuzaa mtoto njiti hata kidogo. Mwaka 2020 utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, ulifanyika katika hospitali zenye uangalizi mzuri, wiki za mimba zikihakikishwa kwa ultrasaundi. Hapo vifo vya watoto vilishuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Dawa ni ya jamii ileile, ila huku inaokoa na kule inadhuru. Nia njema ilikuwepo pande zote mbili.

Wako wazee wanaotuuliza kama kupiga kura juu ya akina mama si kucheza na uhai. Mitume nao walipiga kura walipomtafuta Mathiya, lakini tusijifiche nyuma ya hilo. Tunavyoona sisi, pale ambapo waganga kwa kweli hawajui dawa ipi ni bora, kura ni haki kuliko kubahatisha kwa kila mgonjwa. Pale wanapojua, kumnyima mama ni dhambi. Tena lazima aulizwe kwa lugha yake, na akikataa asikose matibabu. Hili la mwisho tulishike sana sisi wakimbizi, maana tumezoea kuweka dole gumba kwenye kila karatasi tunayoletewa.

Na kwa kuwa kosa kubwa hutokea wiki zisipojulikana, kina mama, andikeni tarehe ya kwanza ya hedhi ya mwisho na kuipeleka kliniki mapema. Kina baba msiseme hayo ni ya wanawake. Daftari likikosekana, iandikeni hata ukutani kwa mkaa.