Riwaya Iliyofunikwa Mezani

Januari 2025, Rebecca Yarros wa Marekani alipotoa riwaya ya Onyx Storm, nakala zaidi ya milioni 2.7 zilinunuliwa ndani ya wiki moja. Ni kitabu cha tatu katika mfululizo wa vita, uchawi, majoka na mahaba ya watu wazima. Kabla yake, Sarah J. Maas alikuwa amejipatia mamilioni ya wasomaji kwa mchanganyiko kama huo. Vitabu vinavyouzwa kiasi hicho havikosi kuwamo kwenye mikoba ya wauguzi, wahasibu na mawakili. Lakini saa ya chakula cha mchana, mwenzake anapovuta kiti, mwenye kitabu hukifudikiza mezani, na akiulizwa anasoma nini hujibu: “Aa, kitu tu cha kupoteza muda.” Jibu hilo si la kweli, ingawa anayelitoa si mwongo. Amekwisha kujua kwamba anachokipenda kitapimwa, na yeye atapimwa pamoja nacho.

Kipimo chenyewe hakina haki. Shabiki wa Simba au Yanga ambaye timu yake ya soka imefungwa huingia ofisini Jumatatu na huzuni yake usoni, na wenzake humpa pole. Hakuna anayemwambia kwamba analilia watu wasiomjua. Sitaki shabiki huyo anyamazishwe. Nauliza tu kwa nini furaha ya msomaji, ambaye mara nyingi ni mwanamke, ndiyo ionekane ya kitoto. Wakisema ni kwa sababu hadithi za mapenzi na viumbe wa ajabu ni nyepesi, wakumbuke kwamba sisi wasomaji wa Kiswahili tumelelewa na Alfu Lela U Lela, ambamo majini na wapenzi wamejaa, na hatukuona aibu. Wala furaha hiyo si ya kitoto. Mwaka 1984 mtafiti Janice Radway alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wa mji mmoja wa Marekani waliosoma riwaya za mapenzi kwa wingi. Hakuridhika kuchambua vitabu, aliwauliza wenyewe. Wakamweleza kwamba kule kuketi na kitabu tu kulikuwa muda wao, nje ya madai ya mume na watoto.

Kwa hiyo anayesema anachokipenda anasema pia anachokihitaji. Tazama Violet, shujaa wa Yarros: viungo vyake huteguka kwa urahisi, mifupa yake ni dhaifu, na bado anapanda joka. Yarros mwenyewe anaishi na ugonjwa wa Ehlers-Danlos, unaolegeza viungo. Mfanyakazi anayemweleza mwenzake kwa nini anampenda Violet huenda anamweleza habari ya mwili wake, au ya mama yake, ambayo hakuna fomu ya ofisi iliyowahi kuiuliza. Mwanafalsafa Kant alifundisha kwamba mtu asitumiwe kama chombo pekee, bali aheshimiwe pia kama lengo lenyewe. Kazini tunatumiana kila siku, na hapana budi. Naamini kupokea anachokipenda mwenzetu ni mojawapo ya njia chache za kutimiza nusu ya pili ya fundisho hilo.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya kusema kazini tunachokipenda ni kwamba mwajiri amekwisha kuchukua muda na nguvu zetu. Tumkabidhi na mapenzi yetu? Arlie Hochschild, katika kitabu chake cha 1983 kuhusu wahudumu wa ndege, alionyesha jinsi hata tabasamu linavyogeuzwa kuwa sehemu ya kazi inayolipiwa. Hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana meneja anayeitisha kikao ili kila mtu ataje anachokipenda anakosea: siri iliyodaiwa si zawadi tena. Wengine watasema baadhi ya kurasa za riwaya hizi ni za chumbani. Kweli, na asiyetaka kuzisikia asisomewe. Lakini mtu anaweza kueleza kwa nini hadithi imemshika bila kusimulia kurasa hizo. Kunyamaza nako ni haki ya msomaji, mradi amechagua mwenyewe. Anayenyamaza kwa kuogopa kuchekwa hajachagua, na hapo wa kuwajibika kwanza ni wenzake, kwa kuuliza juu ya kitabu kile na kungoja jibu bila kucheka.