Kanga ni Ile Ile

Itazame kanga. Alfajiri imefungwa kiunoni. Baadaye imembeba mtoto mgongoni. Jua likiwaka, iko kichwani. Kanga ni ile ile.

Kama kanga hiyo, mtazame sasa mwigizaji Lupita Nyong'o, Mkenya wetu. Alimwigiza Patsey, mtumwa, akatwaa Oscar. Akawa jasusi wa Wakanda, nchi ya kubuni ya filamuni, tukashangilia. Kisha filamu ya kutisha, Us: mama, na adui anayefanana naye. Wote wawili ni yeye! Mama anaongea kama mimi na wewe. Adui sauti imemkauka, inakwaruza. Mimi filamu hiyo niliitazama taa zikiwaka. Halafu, katika filamu nyingine, akawa roboti Roz: uso hatuuoni, ni sauti tu.

Nawe leo kazini ukipewa jambo usilolizoea, usiseme, "Hiyo si yangu." Uliza linafanywaje, kisha anza.