Msimwonee Paka wa Vidole Sita

Enyi watu wa Kilosa, nanyi wa Mikumi mnaolala mkisikia malori ya Iringa, nisikilizeni! Paka akizaliwa na vidole vya ziada, hajatumwa na mtu. Kwa kawaida paka ana vidole 18, yaani 5 kila mguu wa mbele na 4 kila mguu wa nyuma. Huyo wenu amerithi tu. Mzazi mmoja mwenye hali hiyo huweza kuirithisha kwa karibu nusu ya watoto wake, ndiyo maana wanajirudia nyumba ileile. Acheni kuinyooshea kidole nyumba ya jirani!

Wasomaji wa Biblia, mnalijua lile jitu la Gathi katika Samweli wa Pili, lenye vidole 24. Liliuawa vitani kwa kuwatukana Israeli. Vidole havikuwa kesi yake. Na Waislamu, nani kati yenu hajasikia habari za mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie? Basi wewe unayewaza kiroba na mto Mkondoa, siku ya hesabu utajibu nini? Na hao panya wa ghalani kwako, utawakamata wewe?

Lakini kumwacha hai bado si kumtunza! Hapa nawagombeza hata ninyi mnaompenda. Kidole cha ziada mara nyingi hakifiki chini. Ukucha wake haukwaruzi mti wala ardhi, kwa hiyo haupungui. Unarefuka, unajikunja, unarudi kuchoma nyama ya unyayo. Paka anachechemea, mnasema kajikwaa! Mpakate akiwa ameshiba, bonyeza kidole taratibu ukucha uchomoze, mulika kwa tochi ya simu, kata ncha peke yake. Sehemu ya waridi iliyo ndani ina mshipa wa damu, usiiguse. Na ukucha ukiwa mweusi, kata kidogo sana. Rudia kila wiki mbili tatu, maisha yake yote.

Asithubutu mtu kukikata kidole chenyewe kwa wembe! Kina mfupa na kinauma kama chako. Kikimtesa kweli, hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo na sindano ya usingizi. Vivyo hivyo ukiona usaha: mwiteni afisa mifugo wa kata, na likishindikana, Morogoro mjini ipo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Panadol msimpe, nawasihi! Hata nusu kidonge chaweza kumuua. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo ikae mbali naye.

Mengine ni ya paka wote, wa vidole 18 na wa 22. Mchanjeni kichaa akitimiza miezi mitatu, kisha mfuateni mchanjaji kila mwaka. Ninyi wa Mikumi mna deni la ziada, maana mnapakana na hifadhi iliyowekwa tangu 1964, na humo wamo paka pori. Shume wenu akivuka usiku huzaa nao na kuwapelekea magonjwa ya mjini. Mhasini, alale nyumbani!

Usiku huu, kabla hamjazima taa, mchukueni paka wenu, mhesabu vidole vyake na kukagua ukucha mmoja mmoja.