Hasara Haifuti Shura

Mawaidha ya Ijumaa kwa waumini wa Igowole, Mufindi

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyetukusanya katika siku hii tukufu. Rehema na amani zimshukie kipenzi chetu Mtume Muhammad, jamaa zake, maswahaba zake na wote waliofuata mwendo wao hadi Siku ya Malipo.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu Waislamu, naiusia nafsi yangu kabla ya nafsi zenu: tumche Mwenyezi Mungu. Na leo tuitafute taqwa mahali ambapo wengi wetu hatuitafuti, nako ni mkutanoni. Katika kamati ya msikiti, katika bodi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika wa mazao, katika kikoba, katika serikali ya kijiji, popote pale ambapo watu wachache hukaa wakaamua jambo litakalowagusa wengi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na kila mchunga ataulizwa juu ya wale anaowachunga. Mwenyekiti ataulizwa. Katibu ataulizwa. Mweka hazina ataulizwa. Na mwanachama aliyekaa kimya akijua kinachoendelea, naye ana lake la kujibu.

Swali langu ni moja. Jumuiya yetu ikiamua jambo pamoja, na jambo hilo likatuletea hasara, tufanye nini baada ya hapo?

Turudi kwenye vita vya Uhud, mwezi wa Shawwal, mwaka wa 3 wa Hijra. Habari zimefika Madina kwamba jeshi la Makureshi linakuja. Mtume (S.A.W.) anashushiwa wahyi; akiamuru, watu watatii. Hata hivyo anawakusanya maswahaba na kuwataka shauri; hiyo ndiyo shura. Rai yake mwenyewe ni kubaki mjini na kumngojea adui humo humo. Vijana, hasa wale waliokosa kuwepo kwenye vita vya Badr, wana hamu ya kutoka. Rai ya kutoka inapata nguvu, naye anaikubali na kuingia ndani kuvaa deraya. Huku nje vijana wanaanza kujuta, wanahofu kwamba wamemlazimisha Mtume wa Mungu. Anapotoka wanamwambia kwamba akipenda abaki. Anawajibu kwamba haimpasi Nabii aliyekwisha kuvaa deraya kuivua kabla Mwenyezi Mungu hajahukumu baina yake na adui yake.

Mnajua yaliyofuata. Abdullah bin Ubayy alirudi njiani na watu wapatao 300 kati ya 1,000. Wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, wakaambiwa wasibanduke hata iweje. Walipoona adui anakimbia na ngawira imezagaa, wengi wao waliteremka. Khalid bin Walid, aliyekuwa bado hajasilimu, akazunguka na wapanda farasi wake akapitia pale palipoachwa wazi. Waislamu wapatao 70 waliuawa, akiwemo Hamza, ami yake Mtume. Mtume mwenyewe alijeruhiwa usoni na jino lake likavunjika.

Jioni ile, lau tungekuwa sisi, tungesema nini? Tungesema: haya ndiyo matunda ya kuwasikiliza watoto. Tungesema kuanzia leo hakuna kuulizana, kiongozi aamue na wengine wafuate. Lakini Mwenyezi Mungu, katika aya ya 159 ya Suratu Aal Imran, aya iliyoshuka kuhusu msiba ule ule, alimwamrisha Mtume wake awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Wale wale ambao rai yao ilifuatwa, makaburi ya ndugu zao yakiwa bado mabichi, ndio anaoamrishwa kuendelea kuwashauri. Kisha akiazimia, amtegemee Mwenyezi Mungu.

Zingatieni pia kwamba kosa lililoiponza Uhud halikutokea kwenye kikao cha Madina. Lilitokea kilimani, pale watu waliopewa zamu walipoiacha zamu yao kwa tamaa. Basi kiongozi mwenye hekima, kabla hajalaumu shura, huuliza: kosa limetokea wapi? Katika kuamua, au katika kutekeleza? Asiyeuliza swali hilo humwaga dawa akaacha ugonjwa.

Nchi yetu ililipa gharama kubwa kujifunza jambo hilo. Wazee mliopo hapa mnaukumbuka ushirika wa zamani. Vyama vilikuwa na maradhi ya kweli. Mwaka 1966 tume ya Rais ilivichunguza ikakuta kwamba wanachama wengi hawakukielewa vizuri chama chao, watendaji wenye ujuzi walikuwa haba, na siasa ilikuwa ikijiingiza. Hayo yalihitaji tiba. Lakini mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na kazi ya kununua mazao ikapewa mamlaka za mazao na mashirika ya umma. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, mahindi yalikwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mikoa yetu ya Iringa na Mbeya, pamoja na Ruvuma na Rukwa, ikawa ghala la taifa, lakini mkulima aliyelima mahindi hayo hakuwa tena na kikao cha kuuliza malipo yake yamekwama wapi. Shirika lenyewe likazama katika madeni, na mahindi mengi yakapita njia za magendo.

Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuvirudisha vyama vya ushirika. Na mwaka 1984 Mwalimu Nyerere, kiongozi aliyekuwa kileleni mwa nchi, alikiri hadharani kwamba kuvunja ushirika na kuvunja serikali za mitaa, zilizovunjwa mwaka 1972, yalikuwa makosa. Mwenyezi Mungu anapenda mja anayerejea, na kukiri kule kuna funzo kwa kila mwenyekiti. Lakini chama hakirudi kwa sheria peke yake. Watu walikuwa wameshapoteza mazoea ya kukaa, kuhoji, kusoma hesabu na kumwondoa kiongozi mbaya kwa kura. Kizazi kizima kilikuwa kimezoea kuletewa uamuzi. Kuvunja kulichukua siku moja, na kujenga upya hatujamaliza mpaka leo. Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Jumuiya nayo hairekebishwi kwa kuipa talaka.

Sasa tushuke chini kabisa, hadi kwenye banda la kupimia majani mabichi ya chai. Tuseme mama ametoka shambani asubuhi ya Julai, ukungu haujaondoka, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya Mufindi. Amechuma majani mawili na chipukizi lake, kama inavyotakiwa. Gunia linatundikwa kwenye mzani, mshale unasimama kwenye 22, karani anaandika 20. Mama anauliza. Anaambiwa kilo moja ni ya maji ya umande na moja ni ya gunia, ndivyo ilivyoamuliwa. Nani ameamua? Kamati. Lini? Karani hajui. Muhtasari uko wapi? Haupo. Pengine makato yale ni ya haki kabisa, maana majani yaliyolowa huwa mazito kweli. Lakini uamuzi usio na mwenyewe, usio na tarehe, usio na sahihi, hata ukiwa wa haki una sura ya dhulma. Na ukiwa wa dhulma, basi tujue kwamba Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima, Suratul Mutaffifin, inayoanza kwa kuwatishia adhabu wanaopunja katika vipimo. Aliyepitisha makato hayo kikaoni bila kuyachunguza ameushika mzani ule pamoja na karani.

Ndugu zangu, dunia inabadilika, na mabadiliko yanafika hadi hapa kwetu kupitia barabara ile ile ya Nyololo. Mashamba makubwa ya chai ya Mufindi tuliyazoea kwa jina la Brooke Bond, kisha yakawa ya Unilever. Mwaka 2022 Unilever ilikamilisha kuiuza biashara yake kubwa ya chai kwa wawekezaji wa CVC, na mwaka 2024 yakatangazwa makubaliano ya kuyauza mashamba ya Afrika Mashariki kwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Watu walikaa kwenye meza ya mbali, wakatia sahihi, na maisha ya mchumaji wa huku yakaingia mikononi mwa mwajiri mwingine. Mwishoni mwa 2023 Tanzania nayo ilianzisha mnada wake wa chai Dar es Salaam, baada ya miaka mingi ya kutegemea mnada wa Mombasa. Na huko Kericho, Kenya, mwezi Mei 2023, waandamanaji walizichoma moto mashine za kuchumia chai, kwa hofu kwamba zinawanyang'anya kazi. Kuchoma mali ni haramu, wala hatukusifu. Lakini tujiulize: mtu anayeletewa jambo linaloigusa riziki yake bila kuulizwa, ataliona jambo hilo ni lake?

Wapo watakaosema kwamba mambo yakienda kasi hivi hakuna nafasi ya kushauriana. Tumtazame Umar bin Khattab (R.A.). Katika ukhalifa wake alisafiri kwenda Sham, na alipofika mahali paitwapo Sargh aliambiwa kwamba tauni imeingia huko. Hapakuwa na muda wa kupoteza. Hata hivyo aliwaita Muhajirina akawauliza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Akawaita wazee wa Kikureshi waliohamia wakati wa kufunguliwa Makka; hao wakakubaliana kwa kauli moja kwamba arudi na watu. Akatangaza kurudi. Abu Ubayda, mtu mwenye cheo kikubwa mbele ya Umma huu, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Mungu kuielekea kadari nyingine ya Mungu. Ndipo akaja Abdulrahman bin Awf na hadithi aliyoisikia kwa Mtume: maradhi hayo yakiwa katika nchi, asiyekuwemo asiingie, na aliyemo asitoke kuyakimbia.

Katika kisa hicho pana adabu zote za uongozi wakati wa mabadiliko. Umar alitoka Madina na mpango, habari mpya ikafika, akaubadili mpango wala hakuona ni aibu. Aliuliza kundi zaidi ya moja. Alisikia hitilafu bila kukasirika. Akaamua, akautangaza uamuzi wake mbele ya watu, akakubali kuulizwa na aliye chini yake, akamjibu kwa hoja. Makundi yote matatu aliyasikiliza safarini, kabla ya kugeuza msafara. Anayesema hana muda wa shura mara nyingi anachokosa ni subira.

Na shura isiwe ya wanaume peke yao. Hudaybiya, mwaka wa 6 wa Hijra, maswahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa kwa uchungu wa mkataba na Makureshi, Mtume (S.A.W.) aliingia kwa mkewe Ummu Salama akamweleza. Yule mama alimshauri atoke, asiseme na mtu, achinje mnyama wake na anyolewe. Akafanya hivyo, na watu wote wakainuka wakamfuata. Ushauri wa mwanamke mmoja uliuondoa Umma katika tanzi kubwa. Sasa tazameni mistari ya chai: wengi wanaoinama humo ni nani? Kisha tazameni meza za kamati zetu. Tunawaachia mama zetu kazi yote ya shamba, na linapofika neno la mwisho tunawaambia wapike chai ya wajumbe.

Basi nawausia mambo manne, na tuyaanze kabla ya Ijumaa ijayo. Kwanza, kila uamuzi wa chama au kamati uandikwe: tarehe, waliokuwepo, waliokataa na sababu zao, kisha usomwe mbele ya wanachama. Pili, mapato na matumizi ya msikiti huu na madrasa yetu yabandikwe mlangoni kila mwezi, ili tuwe wa kwanza kufanya tunayoyahubiri. Tatu, ikitokea hasara, tukae tutafute kosa limeingilia wapi. Mwizi ashtakiwe, mzembe aondolewe, asiyejua afundishwe, na kikao kibaki. Nne, tusiwape watu amana kwa ukoo au kwa ufasaha wa kusema. Swahaba Abu Dharr alikuwa mcha Mungu mkubwa, na bado Mtume alimweleza kwamba yeye ni dhaifu kwa uongozi, na kwamba uongozi ni amana itakayogeuka majuto Siku ya Kiyama, ila kwa aliyeushika kwa haki na kuutimiza wajibu wake.

Nanyi vijana mnaosema ushirika ni wezi watupu na mkutano ni porojo, nawasihi msisuse. Kiti mnachokisusia atakikalia mtu mwingine, na atawaamulia bei ya jasho lenu. Nendeni mkutanoni na daftari. Ulizeni kwa adabu, rudieni kuuliza, na mkipewa dhamana msibanduke kilimani.

Ewe Mola wetu, wape viongozi wetu, wa msikiti huu, wa kijiji hiki na wa nchi hii, nyoyo laini na masikio yanayosikia. Tukinge na ulaghai wa mizani na hesabu. Baraki mikono ya wachumaji na wakulima wa Mufindi, wape malipo yao kwa wakati na kwa ukamilifu. Tulipokosea utusamehe, na utupe moyo wa kusameheana na kuendelea kukaa pamoja. Amin.