Kiwelisi na Kiingereza: Je, Tofauti ni Upungufu?

Mara nyingi twasikia lugha fulani ikiitwa maskini kwa kuwa haina neno ambalo nyingine inalo. Yafaa tuipime hoja hii mbali na kwetu, huko Welisi, ambako Kiwelisi cha ukoo wa Kikelti na Kiingereza cha ukoo wa Kijerumani vimeishi ujirani kwa karne nyingi.

Kiwelisi hakina neno moja la "ndiyo". Aulizwaye kama kuna mkate hujibu oes, yaani "kuna". Jibu hukifuata kitenzi cha swali, kama nasi tujibuvyo "Upo". Hata herufi ya kwanza ya neno haitulii. Baba ni tad. Babangu ni fy nhad. Babake mwanamume ni ei dad, na babake mwanamke ni ei thad. Kiingereza hubadili neno la "yake" kikamwacha baba alivyo. Kiwelisi huliacha "yake" kikamgeuza baba! Mgeni ataona ni fujo. Lakini sisi tusemao ulimi na ndimi tuna haki gani ya kushangaa?

Walioshangaa walikuwa na mamlaka. Sheria ya mwaka 1536 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama. Mwaka 1847 wakaguzi watatu wa elimu, wasiojua Kiwelisi, waliandika kwamba lugha hiyo yazuia maendeleo na maadili ya watu. Katika baadhi ya shule mtoto aliyesikika akiisema alivikwa kibao shingoni, naye akakipitisha kwa mwenziwe aliyenaswa baada yake. (Waliosoma katika Kenya ya kikoloni hawahitaji kuelezwa zaidi.)

Dhuluma ilikuwa wapi basi? Haikuwa katika kufundisha Kiingereza, kwani wazazi wengi wa Welisi wenyewe walikitaka kwa ajili ya riziki ya watoto wao. Ilikuwa katika kulichukua umbo la lugha kuwa ushahidi wa akili ya msemaji. Mshtakiwa asiyejua Kiingereza hakukosa hoja za kujitetea, alikosa msikilizaji. Ilipasa kungoja hadi mwaka 1942 ndipo sheria ilipomruhusu kutumia Kiwelisi mahakamani, na hata hapo kama tu Kiingereza kingemdhuru.

Kiwelisi kilipewa hadhi rasmi kwa sheria ya mwaka 2011. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu wasemaji wapatao 538,000, chini ya mmoja katika kila watu watano, na watoto wa shule za serikali nchini humo hujifunza lugha zote mbili hadi umri wa miaka 16.