JINA LA BABA HALIONDOLEWI NA NDOA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kwa mume na mke, akatujaalia kuwa mataifa na makabila ili tupate kujuana. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na Ali zake na Sahaba zake wote. Amma baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu! Katika darsa yetu limeulizwa swali ambalo kwa dhahiri yake ni la karatasi na safari, lakini kwa ndani yake ni la dini na haki za wazazi. Muulizaji ni ndugu yetu mmoja, mtu wa mwambao, ambaye biashara yake humpeleka bara mara kwa mara. Huko Mwenyezi Mungu alimruzuku mke mwema, binti wa Kikipsigis wa Siongiroi, katika Bomet, upande wa kusini wa nchi ya mashamba ya chai, ambako watu hufuga ng'ombe wa maziwa. Binti huyo alisilimu kwa hiari yake, kisha akaposwa kwa wazazi wake, akaolewa kwa nikahi ya sharia.

Kabla ya kuolewa alikuwa na pasipoti yenye jina lake na jina la baba yake. Baada ya ndoa, mumewe alimtaka abadilishe kitambulisho, aondoe jina la baba na kuweka la mume, akiona kuwa hiyo ndiyo heshima ya mke. Mke akatii. Walipoazimia kwenda Umra, mume alikata tikiti, na ya mkewe akaiandikisha kwa jina lile lililo katika kitambulisho, kwani ndilo alilolizoea. Walipofika uwanja wa ndege, jina la tikiti likawa si la pasipoti. Mume akaruhusiwa kupita, mke akazuiwa. Alitoa kitambulisho, akaambiwa kuwa cheti cha kwendea ng'ambo ni pasipoti. Cheti cha nikahi walikuwa wamekiacha nyumbani. Ndege ikaondoka, fedha zikapotea, na wote wawili wakarudi wakiwa na ihramu zao ndani ya mikoba.

Lakini khasara ya fedha siyo iliyomleta ndugu yetu kwetu. Khabari hii ilifika Siongiroi, na baba wa mke akauliza: Kwani kitambulisho cha mwanangu kina jina gani? Akaelezwa. Mzee yule si Mwislamu, na hakumzuia binti yake kusilimu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Dini mliyompa mwanangu sikuipinga. Ila sikujua kwamba dini hiyo yamtaka anifute mimi." Ndugu yetu hakuwa na la kumjibu. Akaja kutuuliza: Je, kweli dini yetu yasema hivyo?

Jawabu yetu ni kwamba dini yetu haisemi hivyo hata kidogo, na ni aibu kubwa kwetu kuwa mzee asiye Mwislamu ameidhania hivyo kwa sababu ya matendo yetu.

Someni Suratul Ahzab, aya ya 4 na ya 5. Zaid bin Haritha alilelewa na Mtume (S.A.W.) kwa mapenzi makubwa, hata watu wakawa wakimwita Zaid bin Muhammad. Ni jina gani duniani lililo tukufu kuliko hilo? Hata hivyo Mwenyezi Mungu aliamrisha watoto wa kulea waitwe kwa baba zao waliowazaa, na akabainisha kuwa huo ndio uadilifu zaidi mbele yake. Zaid akarudi kuwa mwana wa Haritha. Ikiwa jina la Mtume mwenyewe halikuruhusiwa kukaa mahali pa jina la baba, jina la mfanyabiashara wa Mombasa au karani wa Lamu litakaaje hapo?

Tena watazameni wake wa Mtume (S.A.W.), mama wa Waislamu. Wanajulikana mpaka leo kuwa ni Aisha binti Abu Bakar, na Hafsa binti Umar. Na huenda mtu akasema: Hao baba zao walikuwa masahaba wakubwa. Basi na amtazame Bibi Safiya. Baba yake, Huyay bin Akhtab, alikuwa mkuu wa Mayahudi na adui mkubwa wa Waislamu. Na Bibi Safiya alipoolewa na Mtume hakuondolewa jina la baba yake. Amtazame na Bibi Ummu Habiba, ambaye alipoolewa na Mtume, baba yake Abu Sufiani alikuwa angali mshirikina, na yeye ni binti Abu Sufiani katika vitabu vyote. Na Bibi Juwairiya jina lake la kwanza lilikuwa Barra, lenye maana ya mwema, na Mtume akalibadilisha, kwani hakupenda isemwe kuwa ametoka kwa Barra. Jina lake alilibadilisha. La baba yake, Harith, hakuligusa.

Hapa panatubainikia jambo wanalolikosea wengi wetu tunapowapokea ndugu zetu wanaosilimu. Hudhani kuwa mtu hakutimia Uislamu mpaka aache jina lake lote, la kwanza na la baba na la babu. Mtume (S.A.W.) alibadilisha majina yenye maana mbovu au ya kujisifu, na yaliyobaki akayaacha. Bilal alibaki Bilal. Kwa Wakipsigis, binti aliyezaliwa kunako alfajiri huitwa Chepkoech, na aliyezaliwa jioni, mbuzi wanaporudi nyumbani, huitwa Cherono. Twauliza: kuna ubaya gani katika majina haya? Mwenyezi Mungu ameapa kwa alfajiri katika Kitabu chake, na sura nzima ikaitwa kwa jina hilo. Leo sisi tumwambie binti aliyepewa jina la alfajiri kuwa jina lake ni la ukafiri? Akipenda mwenyewe kuongeza jina la Kiislamu, ni kheri. Kumlazimisha ni kuongeza katika dini lisilokuwamo.

Basi desturi hii ya mke kuvua jina la baba na kuvaa la mume imetoka wapi? Haikutoka Makka wala Madina. Mabibi zetu wa Lamu, Mombasa na Unguja walijulikana kwa jina la "Fulani binti Fulani" mpaka wanaingia kaburini, hata wakiwa wameolewa mara tatu. Desturi hii tumeipata kwa Waingereza. Katika sheria yao ya kale, mke alipoolewa nafsi yake mbele ya sheria iliingia ndani ya nafsi ya mume, na mali yake ikawa chini ya mkono wa mume. Haikuondoka hali hiyo mpaka zilipopitishwa sheria za mali ya wanawake, na kubwa yao ni ile ya 1882. Kwa hali hiyo, jina la mume lilikuwa na maana yake. Mwanamke wa Kiislamu amepewa mali yake, mahari yake na urithi wake tangu zaidi ya miaka 1300 iliyopita. Hakuingia ndani ya mtu. Basi alama ya kuingia aivae ya nini?

Na katika nchi hii yetu jambo limekuja kwa njia ya karatasi. Wakati wa ukoloni vipande walivalishwa wanaume, na wanawake hawakuandikwa. Hata baada ya uhuru wa 1963 ilipita miaka zaidi ya kumi kabla ya sheria ya vitambulisho kuwaingiza wanawake, mwishoni mwa miaka ya 1970. Walipoandikwa, neno "binti" likaachwa, na wengi wakaandikwa kwa ada ya Kizungu. Wala sheria ya Kenya haimlazimishi mke kuchukua jina la mume. Tumejilazimisha wenyewe, kisha tukaita heshima.

Sasa fikirini juu ya msafiri anapofika nchi za Waarabu. Wanavyuoni wa nahau hupiga mifano yao kwa Zaid na Amri, nasi tupige kwa hao hao. Zaid bin Amri amemwoa Zainabu binti Bakari, akamwandikisha katika vyeti kuwa Zainabu Zaid Amri. Wakafika Jidda. Afisa wa huko huyasoma majina kama wazee wetu walivyokuwa wakiyasoma: la kwanza ni la mtu, la pili la baba, la tatu la babu. Basi mbele yake amesimama Zaid Amri, na pembeni yake Zainabu binti Zaid bin Amri. Kwa karatasi, huyu ni binti yake wa kumzaa! Na lau angemwandikisha Zainabu Amri, angelikuwa dada yake. Mtu amekwenda kuitembelea Nyumba ya Mwenyezi Mungu, na vyeti vyake vyatoa ushahidi kuwa mkewe ni maharimu wake. Hatusemi kuwa nikahi yabatilika kwa hayo, hasha! Nikahi i pale pale. Lakini yatazameni mambo yalivyogeuzwa.

Twapenda pia kusema kwa uadilifu, ili tusiharamishe asiloharamisha Mwenyezi Mungu. Kumtambulisha mwanamke kwa mumewe si kosa. Katika Suratut Tahrim wametajwa mke wa Nuhu, mke wa Luti na mke wa Firauni, na baada yao Mariamu binti Imrani. Na Zainabu alipobisha hodi kwa Mtume (S.A.W.) kuuliza juu ya sadaka, alitambulishwa kuwa ni mke wa Ibn Masud, wala Mtume hakukataza. Kusema "mke wa Fulani" ni khabari ya kweli. Linalokatazwa ni kujinasibisha na asiye baba, na onyo lake katika Bukhari na Muslim ni kali mno. Mwanamke aliyeandika jina la mumewe bila ya kudai kuwa ni baba yake hatumwingizi katika onyo hilo. Wanavyuoni wengi wa zama hizi wamelikataza jambo hili, na wako waliolegeza pale ambapo nasaba haichanganyiki. Nasi twaona lililo salama ni kuliacha, kwani kuchanganyika tumekwisha kukuona, uwanja wa ndege na Siongiroi.

Basi nini la kufanya? Kwanza, ndugu yetu unayeoa leo, usimtake mkeo abadilishe jina. Mwache na la baba yake, liwe moja katika cheti cha kuzaliwa, cha shule, kitambulisho na pasipoti. Pili, ambaye vyeti vyake vimekwisha kutofautiana, ajue kuwa safari hufuata pasipoti. Tikiti, viza na cheti cha chanjo viandikwe kama pasipoti ilivyoandikwa, herufi kwa herufi, kwa mpango ule ule. Siku hizi mashine ndiyo inayosoma mistari miwili ya chini ya ukurasa wenye picha, na mashine haijui kuwa Fulani ni mke wa Fulani. Tatu, achukue cheti cha nikahi pamoja na cheti cha kuzaliwa, asli yake na nakala, viwe ushahidi wa kuunganisha majina mawili. Nne, arudi afisini alirekebishe jina kwa njia ya sheria, wala asidanganye, wala asishike pasipoti mbili zenye majina mawili. Uongo katika karatasi ni uongo.

Na binti zetu wanaokwenda Arabuni kutafuta riziki wana haja zaidi ya nasaha hii. Mkataba ukiwa kwa jina moja, pasipoti kwa la pili, na kitambulisho cha nyumbani kwa la tatu, siku ya kudai mshahara au kupokea fedha ataambiwa: Huyu si wewe. Na mjane au aliyeachwa atafanyaje? Talaka imemtoa nyumbani kwa mume, na jina la mume lamfuata kila afisi. Baba yake akifa, atakwenda kwa Kadhi kudai urithi wake kwa kitambulisho kisicho na jina la baba.

Tunarudi kwa mzee wa Siongiroi. Tulimwambia ndugu yetu: Swali hili halijibiwi kwa barua; nenda na mkeo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kukaa na wazazi kwa wema hata wakiwa ni washirikina, na Bibi Asmaa binti Abu Bakar aliruhusiwa na Mtume kumpokea mama yake na kumtendea wema, naye hajasilimu. Akaenda. Akamwambia mkwewe kuwa kosa ni lake yeye mume, wala si la dini wala la binti, na kuwa maombi ya kurudisha jina yamekwisha kupelekwa. Akamsimulia khabari ya Bibi Safiya na baba yake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kumbe Mtume wenu hakulichukua jina la baba wa mkewe. Basi wewe ulilichukua kwa amri ya nani?"

Ndugu zangu, swali hilo halikuulizwa mtu mmoja. Na kila mmoja wetu akafungue sanduku la vyeti vya nyumbani kwake, atazame jina la mkewe, kisha ajiulize.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyafanya kwa kuiga bila ya kujua, utupe kuwatimizia wazazi haki zao, na uwafungulie njia ya Nyumba yako waliozuiliwa. Amin.

Wabillahi taufiki.